SMS ya kukubali posa ya Dada ilivyotoka bila sharti: kisa cha function reference kwenye lugha niliyotunga mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Humu ndani nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Kuandika naweza, kuongea ndiyo shida. Hata nikitumwa dukani, huwa nanyoosha kidole kwenye kitu ninachotaka na kuomba Mungu muuzaji asiniulize swali.

Hiki ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Tunduma, nami nilikuwepo. Naandika diary tangu form one, na maneno ya watu niliyaandika siku ile ile kabla hayajapoa. Nilichobadili ni majina, maana Dada naye anapita humu.

Uzi una programming ndani yake, ila asiyejua programming asikimbie. Kuna posa pia.

Nianze na lugha.

Mama ana stationery barabara ya kwenda mpakani: photocopy, kuchapa barua, picha za passport. Wateja wakipungua laptop inakuwa yangu. Nilijifunza Python kwa PDF nikiwa form two. Nilipoona naanza kuielewa, nikapata wazo ambalo mtu mwenye marafiki asingelipata: nitunge lugha yangu ya programming, ya Kiswahili.

Nikaiita Kimya.

Msishtuke, ni interpreter ndogo tu, yaani programu ya kusoma maandishi yangu na kuyatekeleza, iliyoandikwa kwa Python. Function inaitwa kazi, true inaitwa kweli, na kadhalika. Watumiaji wake duniani tuko mmoja.

Kitu nilichojivunia sana kwenye Kimya ni neno "sharti". Unaweza kuandika hivi:

kazi tangaza(ujumbe)
    sharti mzee_amekubali
    tuma(wote, ujumbe)
mwisho

Yaani kabla kazi haijaanza, Kimya inaangalia kwanza sharti. Kama mzee hajakubali, inagoma na kukuandikia "sharti halijatimia". Nilipoiona inagoma kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto mtiifu.

Sasa tuje kwa Dada.

Dada yangu Tumaini alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu. Akapata mchumba, Kelvin, anafanya kazi za clearing ya mizigo upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Kijana hana neno. Mama yake ndiye alikuwa na haraka. Alitaka harusi ifanyike mara baada ya mavuno, na mkwe ahamie kwake Nakonde.

Dada alisema yeye kuolewa anataka, ila amalize chuo kwanza. Hilo tu. Hakuwa na sharti jingine.

Na alikuwa na sababu. Tuna binamu yetu wa Mbebe aliolewa kwa maneno ya "utamalizia ukiwa kwako". Sasa hivi sketi yake ya shule anaifutia masufuria.

Basi Dada akamwambia Mama, Mama akamwambia Baba, na Baba, ambaye ndiye niliyemrithi huu upole, akampigia kaka yake kule Hasamba. Baba Mkubwa ndiye msemaji wa ukoo. Analima kahawa, ila kipaji chake hasa ni kuongea. Akasema, "Sharti la mtoto nitalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mniachie."

Tukamwachia.

Baba Mkubwa akasikia pia kwamba mimi najua kutuma SMS kwa watu wengi kwa mpigo. Ni kweli, nilikuwa nimeunganisha Kimya na modem ya USB yenye laini, na nilishaitumia kuwatangazia kwaya mazoezi. Akaniita kwenye simu.

"Mwanangu, wageni wanakuja Jumamosi saa nane. Saa kumi tutakuwa tumemaliza. Nataka saa kumi kamili ukoo wote upate habari. Wa Hasamba, wa Itumba, wa Mbebe, na hao wageni wetu wa ng'ambo pia, wote wasikie neno moja kwa wakati mmoja."

"Ndiyo, Baba. Niandike na lile sharti?"

"SMS iwe fupi. Sharti ni la kusema."

Mimi nikaandika, ujumbe nikaupa jina la posa: UKOO UMEKUBALI POSA YA BINTI YETU TUMAINI. TUNAMSHUKURU MUNGU. MIPANGO YA HARUSI ITAFUATA.

Hapa ndipo programming inapoingia, naombeni mnivumilie kidogo.

Ningeweza kusubiri na kubonyeza kwa mkono. Lakini kubonyeza kwa mkono kulimaanisha nikae karibu na sebule, nichungulie, wageni wanione, waniulize nasoma darasa la ngapi. Siwezi. Kwa hiyo nikaandika:

saa(16, @tangaza, posa)

Hiyo alama ya @ ndiyo function reference. Maana yake, usiitekeleze kazi hii sasa hivi, chukua tu anwani yake umpe mwingine, ataiita yeye wakati wake ukifika. Hapa niliipa "saa", kazi ya kusubiri muda. Ikifika saa kumi jioni, ndiyo hiyo 16, "saa" itaita tangaza, na tangaza itatuma hiyo posa.

Na kama wazee watakuwa hawajamaliza? Nilijiambia hakuna shida, tangaza ina sharti. mzee_amekubali bado ni uongo, kwa hiyo Kimya itagoma. Baba atakuja kuninong'oneza wakishakubaliana, nitageuza iwe kweli, nitatuma.

Nililala vizuri sana Ijumaa ile.

Jumamosi ikafika saa nane, wageni hakuna. Saa nane na nusu hakuna. Baba Mkubwa amevaa koti la harusi yake mwenyewe, anatembea uani, anaangalia barabara.

"Wametudharau hawa."

Baba akasema kwa sauti yake ya chini, "Kaka, saa nane uliyowaambia ilikuwa ya huku au ya kwao?"

Kwa wasiokaa mpakani: Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka kwa miguu kwenda kununua sabuni unapunguza umri. Sisi wa Tunduma mtu akikutajia saa yoyote lazima umuulize ni saa ya wapi. Baba Mkubwa ni wa Hasamba, kule saa ni moja tu.

Saa tisa za kwetu wageni wakafika, kwao ni saa nane kamili, wametulia kabisa, wanajiona wamewahi.

Mbele alikuwa mshenga wao, ambaye wao humwita shibukombe. Mwanaume wa makamo, mnene, suti ya kijivu, anauza matairi. Kila sentensi anaifunga na "mukwai", ndiyo heshima yao. Alibeba sahani mbili, moja imefunika nyingine, juu kitambaa cheupe. Kwao mshenga anakuja na hizo, na zikipokelewa ndipo mazungumzo yanaanza.

Zikapokelewa. Mimi nilikuwa chumba cha pili na laptop, Dada amekaa kitandani ananitazama. Ukuta wa kwetu unapitisha kila kitu.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Baba Mkubwa. Yeye hawezi kukupa ndiyo kabla hajakutembeza kwenye hapana, akuonyeshe vyumba vyote, na ikibidi akulaze humo. Alianza na kahawa. Akaja kwenye barabara ya Hasamba. Akaja kwenye binti zetu wanavyolelewa.

"Na hata hivyo," nikamsikia, "mimi sijasema tunawapa. Sijui kama tutawapa. Sisi hatuna haraka. Tunaye binti mmoja tu wa chuo, na kabla sijafungua mdomo wangu kusema lolote—"

Saa kumi kamili. Simu yake ikalia.

Ikalia ya shibukombe. Ikalia ya Baba. Zikalia zote sebuleni, moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake. Ya Baba Mkubwa ina mlio wa jogoo.

Nikaangalia kioo cha laptop. Imetumwa. Imetumwa. Imetumwa. Nikachomoa modem. Ilikuwa imebaki namba ya mchungaji tu.

Huko jikoni shangazi wakapiga vigelegele. Wao hawakuwa na habari ya mazungumzo, wana habari ya SMS. Jirani naye akasikia, akaitikia kwa vigelegele vyake.

Sebuleni palikuwa kimya, kimya chenyewe, siyo ile lugha.

Shibukombe akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma tangazo kanisani. Alipofika "ukoo umekubali" akainua sauti. "Tunashukuru, mukwai."

Baba Mkubwa akauliza, "Nani kasema?"

"Ni ninyi, mukwai. Imeandikwa ukoo."

"Mimi si ndiyo nasema hapa, na sijasema?"

"Sasa baba, ulikuwa unasema hapana na simu yako inasema ndiyo. Sisi tuchukue ipi? Tumechukua ile nzuri."

Wenzake wakacheka. Nikasikia kiti kinasogezwa, mtu anajiandaa kusimama.

"Jibu tumelipata," shibukombe akasema, "na ni jibu safi, halina masharti. Mama wa kijana atafurahi. Harusi baada ya mavuno, mukwai."

Dada alikuwa ameshasimama. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema polepole, "Nenda ukaseme."

"Niseme nini?"

"Ulichofanya. Wakitoka na hilo jibu, mimi chuo basi."

Wakuu, mlango ule ni hatua chache, ila niliuona kama uko mbali huko Vwawa, safari ya basi.

Nikaingia. Nikapiga magoti, nikawasalimia wageni, nikabaki naongea na zulia. Nikasema SMS haikutoka kwa wazee, imetoka kwenye kompyuta. Nikasema ilikuwa na sharti, isitoke mpaka Baba Mkubwa akubali, ila sijui imepitaje.

Baba Mkubwa akainama. "Ulimpa nani aitume?"

"Saa, Baba."

"Saa yupi?"

"Saa ya kompyuta."

"Ya huku au ya ng'ambo?"

Shibukombe akacheka hadi akatoa leso. Mimi nikaendelea kwa sababu nikinyamaza sitaanza tena.

"Sharti niliweka, Baba. Nililiweka kwenye kazi. Ila huyu niliyempa aiite, naona nilimpa kazi peke yake. Sharti likabaki nyumbani."

Sikuwa nimefikiria bado. Lilitoka tu. Lakini nilipolisikia nikajua ndilo kosa lenyewe, na moyoni nikaanza kuona ule mstari wa Python uliokosea. Aibu ikanitoka kwa muda, nikawa natamani nirudi chumbani nikautazame.

Baba Mkubwa akafunga kifungo cha koti. Kisha akamgeukia mgeni.

"Umemsikia mtoto. Jibu lipo, silikatai, limeshasikika mpaka Itumba na siwezi kwenda nyumba kwa nyumba kulikusanya. Lakini lina sharti, na sharti lilikuwa mdomoni kwangu. Binti amalize chuo. Wewe ndiye mbebaji. Ukibeba jibu, unabeba na sharti lake. Ukiacha moja, umeacha yote."

"Mbona SMS haisemi hivyo, mukwai?"

"SMS ilitumwa na saa. Wewe umetumwa na watu."

Hapo simu ya shibukombe ikaita. Mama yake Kelvin. Tulimsikia wote, naye alikuwa anapiga vigelegele vyake huko Nakonde. Akauliza kitu kwa Kibemba.

Shibukombe akamwangalia Baba Mkubwa, akasema kwenye simu kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie, "Wamekubali, mama."

Macho yake yakaenda mlangoni.

Dada alikuwa amesimama mlangoni sasa, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi. Alisimama tu.

"Wamekubali," shibukombe akarudia, "akimaliza chuo."

Vigelegele vya Nakonde vikakatika. Tukasikia sauti ndogo ya yule mama, safari hii kwa Kiswahili: "Anamaliza lini?"

Kuanzia siku ile Dada akaweka utaratibu. Kila aliyepiga simu kutoa pongezi, "hongera, nasikia posa imekubaliwa", alimsahihisha: "Sema, akimaliza chuo." Na alikuwa hakati simu mpaka useme. Babu mmoja wa Itumba alirudishwa mara kadhaa kama mtoto wa chekechea. Ndani ya wiki hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeweza kulitaja jibu bila sharti lake.

Mimi nikarudi kwenye Kimya.

Kosa lilikuwa hivi. Unapoita kazi kwa jina, tangaza(posa), interpreter yangu inatafuta jina, inaona sharti, inalikagua, ndipo inaingia kwenye mwili wa kazi. Ukaguzi niliuweka hapo, kwenye njia ya jina. Lakini @tangaza ilikuwa inatoa anwani ya mwili moja kwa moja. Aliyepewa anwani anaingia kwa mlango wa jikoni. Mlinzi yuko mbele, ana rungu, ameamka, ila hakuna anayepita kwake.

Marekebisho ya kwanza niliyaharibu. Niliweka ukaguzi pale unapotengeneza reference, yaani unapoandika @. Ikawa huwezi hata kupanga SMS ya kesho, maana leo mzee hajakubali, basi Kimya inagoma kukupa anwani.

Na kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Kama sharti ni kweli leo unapopewa, halafu kesho likawa uongo, aliyeshika reference bado anapita.

Nilikuja kuiona hiyo kwa msaada wa mama yake Kelvin, bila yeye kujua. Miezi michache baadaye alituma ujumbe kwamba sharti si ni chuo, na binti si yuko chuoni, basi limetimia. Dada akajibu, "Sharti linaangaliwa siku ya harusi, siyo siku ya posa."

Nilimwomba arudie, nikaandika.

Kwa hiyo sasa Kimya ikitoa @tangaza haitoi anwani tupu. Inatoa kifurushi: mwili wa kazi pamoja na sharti lake. Yeyote atakayekishika, "saa" au mwingine, akiita, sharti linakaguliwa pale pale, dakika ile ya kuita. Hakuna njia ya kuutoa mwili peke yake. Nimejaribu kudanganya mwenyewe nimeshindwa.

Halafu nikaongeza kitu kingine. Ukiwa unatoa reference unaweza kuiwekea sharti la ziada, la kwake yenyewe:

@tangaza sharti mchungaji_ana_habari

Kazi ina sharti lake, na reference hii ina la kwake juu yake. Kuongeza unaruhusiwa. Kupunguza huruhusiwi.

Hili nalo nimelitoa kwa Dada. Amemaliza chuo mwaka huu, matokeo mazuri. Wageni wakarudi, shibukombe na suti yake, wanataka tarehe. Dada akasema kwanza apangiwe kituo cha kazi.

Baba Mkubwa alihamaki. "Sharti jipya juu ya jibu la zamani?"

Dada akasema, "La zamani sijalitoa, Baba. Lipo pale pale."

Shibukombe akapangusa uso, akaniona nimesimama na chai, akaniuliza, "Na hii ni kompyuta, mukwai?" Nikamwambia hapana, hii ni yeye mwenyewe. Ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kumwambia mgeni bila kupiga magoti.

Nilichojifunza, kwa wale wa code: sharti usiliweke mlangoni, liweke kwenye kitu chenyewe, liende nacho popote kinapopelekwa. Na likaguliwe wakati wa kuita. Wakati wa kutoa haitoshi. Wenye lugha kubwa najua mna decorator na wrapper na mtanicheka. Chekeni, ila mkague na nyie, wengi wenu mna if iko nje ya function halafu function mnaigawa kama pipi.

La pili nimelisoma kwa Kelvin. Zamani alikuwa anakaa Nakonde anamsubiri mama yake amsukume. Siku hizi yuko Itumba kila akipata nafasi, kwenye ofisi za halmashauri ya Ileje, anaulizia nafasi za walimu wapya. Naye ni raia wa Zambia. Walinzi wanamjua, wahudumu wanamjua, anajua afisa gani anaenda kula saa ngapi, na kwa saa ya wapi. Juzi amempigia Dada kumwambia shule moja ya Mbebe haina mwalimu wa darasa la kwanza.

Dada amesema anafikiria. Lakini usiku nilimsikia anamwambia Mama kwamba sasa ndiyo anajua anaolewa na nani.

Vitabu vya programming vinasema kutimiza sharti ni kazi ya anayeita, siyo ya anayeitwa. Nilikuwa nimeisoma nikaipita, mpaka nilipomwona Kelvin.

Mpaka naandika hapa, tangaza ya SMS ya harusi bado haijaitwa. Imepangwa, ipo, inasubiri.

Sasa wataalamu nisaidieni: kazi ikiwa na sharti lake na reference ikiwa na la kwake, likaguliwe lipi kwanza? Na mliooa kwa masharti, karibuni pia. Nitasoma zote. Kujibu ndiyo siahidi.